Glasi ya Siku ya Tatu

Saa mbili asubuhi, Ramla Misenga anainamia glasi ya chai isiyo na chai. Ndani kuna maji safi na kipande cha ute ulioganda, cha zambarau, kinachotikisika kama jicho la samaki. Pua yake inakaribia kulowa.

"Usiyanywe, yaya," Ndaya, mgonjwa aliyeketi kwenye benchi, mguu umefungwa bendeji, anamtania huku akimwita dada mkubwa.

"Nyamaza weye. Iko inafikiri."

Ramla, miaka arobaini na saba, huchanganya dawa katika kituo kimoja cha afya mjini Kindu. Kipande hicho amekipika kwa ute wa bamia na wanga wa muhogo, akakitia dawa ya vidonda, ile ya zambarau. Anataka kiishike dawa na kuiachia kidogokidogo kwa siku tatu. Kila asubuhi hubadilisha maji: yakipata rangi, dawa bado inatoka. Leo ni siku ya tatu. Glasi arobaini na moja zilizotangulia hazikufika hapa.

Ndaya anaishi ng'ambo ya mto. Kidonda chake kinataka dawa kila siku, lakini mguu ule na mtumbwi havipatani. Akikosa siku mbili, kinarudi kilipoanzia. Miezi saba sasa.

Ramla alianza mchezo huu wakati wa vita. Mwaka 2000 treni haikuja tena, pomadi ya kupaka vidonda ikaisha. Akiwa msaidizi tu, alitia dawa kwenye uji wa muhogo ili ishikamane, akakoroga kwa nguvu zote mpaka mwiko ukasimama wenyewe. Akampaka mwalimu Matata aliyeungua mkono. Walipobandua siku ya pili, zambarau yote ilikuwa bado ndani ya donge. Chini yake kidonda kilikuwa kimeoza.

"Nilimupikia bugali," anasema.

Kidole kimoja cha Matata hakikunyooka tena. Mpaka leo humpungia nacho sokoni: "Mama Bugali, umepika nini?" Hucheka wote wawili. Halafu Ramla hurudi kazini akaanza kukoroga upya.

Ghafla uzi mwembamba wa zambarau unashuka ndani ya glasi.

"Iko inatoka!" Ndaya amesimama kwa mguu mmoja, tayari anafungua bendeji. "Weka sasa, yaya!"

Ramla anamshika mkono. Daktari Ephraïm, mkuu wa kituo, ameagiza glasi tatu mfululizo zifaulu, naye aukague ute mwenyewe, ndipo uguse ngozi ya mtu.

"Dokta iko Lubutu mpaka Jumatatu. Nani ataona?"

"Matata ataona, na kile kidole chake."

Ndaya anakaa. Ramla anamfunga kwa dawa ya kawaida, ya siku moja, kisha anawasha jiko kwa ajili ya glasi ya pili.

"Zikifika tatu, mutu wa kwanza ni weye," anamwambia. "Mpaka pale, uvuke kila siku."

"Nitavuka." Ndaya anajikongoja hadi mlangoni, anageuka kuutazama mwiko. "Lakini yaya, usikoroge sana."