Kiti cha Nkambo Nyuma ya Duka la Mgiriki

Enzi zetu pale Kikula, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, hatukuhitaji saa. King'ora cha kampuni kilipolia, baba zetu walitoka kazini, nasi tuliacha mpira wa vitambaa tukafuata harufu ya sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa. Jumapili nilikuwa na safari yangu: kumsindikiza nkambo, yaani bibi yangu, akakalie kiti chake.

Kiti hicho hakikuwa nyumbani. Kilikuwa katika chumba cha nyuma cha duka la Muzee Yorgo, Mgiriki aliyeuza chumvi, samaki wakavu na vitenge. Humo alipanga vitu vya mji wake wa milimani: kengele za mbuzi, sufuria za shaba za mama yake, blanketi la sufu lililofumwa kwa mkono. Alisema kwao kuna nyumba nzima za vitu vya wazee, watu huingia kutazama tu. Tulicheka: kwani huko nani hana sufuria kwao? Lakini tulirudi kila wiki. Wajukuu zangu wa leo wangeona kengele ya mbuzi, wangeuliza betri inawekwa wapi.

Kisha akaomba na vitu vyetu. Nkambo alitoa kiti cha mti kilichochongwa na baba yake, alichokipakata kwenye treni kutoka Kasai babu alipoandikwa kazi ya mgodi. Alikitoa kwa sharti.

"Bengine baangalie tu. Minye nitaikala."

"Mama, kitu ya kuangalia haikaliwe," alisema Muzee Yorgo.

"Basi ikala weye, tuone kama itakujua."

Muzee alicheka, akakubali. Tangu hapo, kila baada ya misa, nkambo aliketi pale na kitenge chake kizuri, akinukia sabuni, na watazamaji wakampita taratibu kana kwamba naye ameletwa kutoka milimani.

Mwaka maduka ya wageni yalipokabidhiwa wananchi kwa amri ya serikali, Jumamosi moja mchana Muzee aliniita. Alikuwa akifunga sanduku.

"Mutoto, ambia nkambo akuje leo kukamata kiti yake. Kesho hii mulango si yangu tena."

Nilikimbia. Nyumbani nikakuta wakwe wamekuja kwa mambo ya mahari ya dada. Mama alikuwa amenifunza: mtoto hakati maneno ya wakubwa. Nami nilikuwa na haya hata ya kuomba maji. Nilisimama kando ya mlango, ujumbe mdomoni, mpaka bukari, ugali wetu, ikaliwa; kabla wageni hawajasindikizwa, usingizi ulikuwa umenichukua mkekani.

Jumapili tulikuta kufuli jipya. Wiki iliyofuata chumba cha nyuma kilijaa magunia, na muuzaji mpya alikuwa amekalia kiti cha nkambo.

"Yote ya humu ni ya mangazini," alisema bila kuinuka, akimaanisha mali ya duka.

Nkambo alinunua chumvi ambayo hatukuihitaji. Njiani akasema polepole, "Yorgo alikosa hata muntu moya wa kutuma?"

Nilimpokea ile chumvi. Sikumwambia kwamba aliyetumwa ni mimi, siku ile wala miaka yote aliyokaa mkekani akikataa kila kiti tulichomletea, mpaka tukamzika.

Siku hizi watu wa rika langu hulalamika kwamba watoto hawana adabu, wanakatiza wakubwa ovyo. Ni kweli, zamani tulikuwa na adabu. Lakini mjukuu wangu akinivuta kitenge mbele ya wageni, nawaomba wageni wanyamaze kwanza, nimsikilize.