Tuta Juu ya Kikombe Kimoja

Waingereza wana kitenzi "exaggerate", ambacho miaka ya utawala wao nilikifundisha katika shule moja ya Njombe. Wanafunzi walikariri kwamba maana yake ni kutia chumvi. Majibu ya kukariri siyaamini, nikafungua kamusi kubwa ya shule. Asili yake ni Kilatini, katika neno lenye maana ya tuta. Kwanza kilimaanisha kurundika udongo. Nikaona kuwa Warumi walitufahamu. Chumvi hutiwa kwa ncha za vidole. Watu wa kwetu hutumia jembe.

Muhula uleule baba yangu, mzee wa kanisa huko Mahongole, Makambako, alipita kwa jirani akanywa kikombe cha ulanzi uliogemwa asubuhi ile, ambao bado ni maji matamu ya mwanzi na haulevyi hata mtoto. Kufikia jioni kikombe kilikuwa kibuyu. Kufika kijiji cha Lyamkena kibuyu kikawa debe, na habari iliponifikia Njombe baba alikuwa amelala barabarani, lori likimpigia honi. Baraza la wazee likaitwa ili kumvua uzee na kumzuilia Meza ya Bwana. Kwa mtu aliyebatizwa akiwa na mvi, na kugombana na ndugu zake wote kwa ajili ya ubatizo huo, hakukuwa na adhabu kubwa zaidi. Nikaenda.

Mchungaji aliniruhusu kuwauliza mashahidi. Wa kwanza alikuwa fundi cherehani mwenye sauti ya mhubiri.

"Ulimwona amelala barabarani?"

"Kumwona sikumwona, mwalimu. Lakini kila mtu anajua."

"Kila mtu ndiye nani?"

"Shemeji yangu huyu hapa."

Shemeji akainuka kwa shida. "Mimi nilisema njia ile ina malori, na mlevi angeweza kugongwa. Kulala sikusema. Kulala kaongeza yeye fundi."

Wazee wakacheka, walewale waliokuja na hukumu mfukoni. Jirani mwenye ulanzi akaapa kwamba kikombe kilikuwa kimoja, tena kilirudi na nusu yake.

"Mzee, una neno?" mchungaji akamuuliza baba.

"Nilikuwa na kiu, mchungaji."

Wakamwachia uzee wake. Hakuna aliyemwomba radhi. Fundi alimpa mkono kana kwamba ndiye aliyemsamehe.

Jumapili baba alipiga magoti madhabahuni, na kikombe kilipomfikia akafumba macho. Nyuma yangu mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake:

"Mwone, dada, anavyokishika! Mikono miwili!"

"Nasikia mchungaji kapelekewa ng'ombe."

"Mmoja?"

"Mmoja wapi, dada!"

Benchi zima likasogea ili lisikie vizuri.