Ukumbi wa Jeshi na Kamati ya Harusi

Juzi, huku ughaibuni, kwenye basi la kutoka mtaa wa Weston nilikaa nyuma ya mama mmoja na binti wa dada yake, aliyevaa sare za jeshi. Binti ni askari wa akiba: wiki nzima yuko ofisini, Jumamosi yuko mazoezini. Alikuwa akimsimulia kwa furaha jinsi serikali ilivyotoa fedha za kukarabati ukumbi wao wa mazoezi.

“Paa lilikuwa linavuja, tunapiga gwaride tukikwepa ndoo. Sasa kuna sakafu mpya, hita, hadi jiko!”

Mama akaacha kutafuna karanga. “Jiko kubwa?”

“Kubwa, mama mdogo.”

“Na pa kuegesha magari?”

“Papo.”

Akamshika mkono. “Harusi ya kaka yako ni mwezi ujao na sisi wanakamati ukumbi hatuna. Tuombee huo wenu, Jumamosi moja tu.”

“Jumamosi tunajifunza vita!”

“Jifunzieni nje. Kwani vita hupiganwa ndani?”

Binti akatoa simu. “Ngoja nimuulize sajini.”

Kwa jeshi lililokarabatiwa hivyo, mimi adui wa nje simwogopi tena. Ila ukumbi ule hesabuni kuwa umeshatekwa, maana sijawahi kuona kamati ya harusi ikirudi nyuma.