Assumani Alivyomruka Mwanawe

Assumani, mshona nguo wa Tshopo, mojawapo ya komini za mji, alikuwa na kipaji kimoja kilichozidi ushonaji wake, nacho ni kudharau. Aliwadharau mafundi wenzake kwa kutojua kukata kola. Aliwadharau wauza samaki kwa kunuka samaki, na waendesha toleka, zile baiskeli za abiria, kwa kutoka jasho. Kanzu zake mwenyewe zilikuwa na bega moja juu na jingine chini, lakini nyani haoni kundule.

Dharau iliyokolea zaidi aliiweka kwa wenzake wa ligi ya karatasi. Huo ni mchezo wa watu sita waliokuwa wakikutana kwenye baraza ya duka la Mama Kyakimwa, mwanamke wa kabila la Wanande aliyeuza vitenge kwa jumla. Msimu wa mpira wa mji ukikaribia, walichagua wachezaji kwa zamu, na aliyechukuliwa na mmoja hachukuliwi tena na mwingine. Wachezaji wako wakifanya vizuri uwanjani, wewe unapata pointi. Mwalimu Clovis, mshika daftari, ndiye aliyeweka sheria kwamba kila mtu ahesabiwe pointi za walinda lango wawili, ingawa kuchukua wa tatu hakukatazwa. Klabu zilikuwa kumi na mbili, na kila klabu ina mlinda lango mmoja wa kuaminika. Watu sita, wawili wawili, basi habaki hata mmoja.

Hesabu hiyo Assumani aliielewa kabla ya wote, tumpe haki yake. Miaka yote wenzake walikimbilia washambuliaji kama kuku kwenye mchele uliomwagika.

"Wale batu iko bajinga," alisema huku akikanyaga cherehani. "Washambuliaji iko mingi. Gardien iko kumi na mbili tu. Mimi nitaanza na gardien, alors watalia."

Katika hao kumi na wawili alikuwemo mwanawe wa kumzaa, Issa, kijana wa miaka ishirini na minne, mlinda lango wa klabu iliyokuwa ikivuta mkia. Assumani hakuwahi kudaka hata chungwa alilorushiwa, lakini mbele ya wateja alipenda kueleza makosa ya mwanawe golini. Siku moja kabla ya uchaguzi, Issa alisimama mbele ya cherehani.

"Papa, kesho utanitaja?"

Hakutaka kingine. Alitaka jina lake litoke kinywani mwa baba yake, watu wakisikia. Assumani akakata uzi kwa meno na kusema "tutaona", kwa sauti ile anayomjibia mteja anayetaka suruali yake leo leo.

Kesho yake mchana walipiga kura ya zamu. Kyakimwa akawa wa tano, Assumani wa sita. Zamu ikifika mwisho hurudi ilikotoka, kwa hiyo wa sita hutaja wawili kwa mpigo. Watano wa kwanza wakataja washambuliaji, wote. Assumani akakohoa kidogo, akataja walinda lango wawili bora wa mji.

Hapo wenzake wakang'amua hesabu. Halafu wote wakawagombania walinda lango kama watu waliosikia chumvi inaadimika. Zamu ilikwenda ikarudi hadi kwa Kyakimwa, ambaye alikuwa na mmoja tu mkononi, na katika daftari la Clovis alibaki mmoja tu. Alikuwa Issa.

Hakuachwa kwa ubovu, maana wabovu kumpita walishachukuliwa. Aliachwa kwa adabu. Mtoto wa mtu huachiwa baba yake. Kyakimwa alimhitaji kweli, lakini akataja winga na kumgeukia Assumani.

"Papa Assumani, mutoto yako iko pale. Nimekuachia."

Issa alikuwa amesimama penye ngazi, ameshika kofia yake.

Sasa tazama dharau inavyomfanya mtu mpumbavu. Ujanja wake mwenyewe ulimwambia amchukue Issa, kwa sababu angemwacha Kyakimwa na mlinda lango mmoja msimu mzima. Neno moja lingempa ushindi na heshima kwa pamoja. Clovis aliliona hilo, akamnong'oneza: "Bon, ata kwa calcul, kwa hesabu tu, mukamate."

Assumani akacheka kwa pua. "Ule? Ule iko kitunga ya matundu. Mama Kyakimwa, kamata, nakupatia cadeau ya bure." Akataja mabeki wawili.

Kyakimwa hakucheka. "Clovis, andika Issa. Iko wangu." Kisha akamwambia kijana, "Mwanangu, siku ya Mungu nitakuja kukuangalia."

"Aksanti, mama," Issa akajibu. Baba yake hakumtazama.

Mama yule alikwenda kweli, kila Jumapili, na baada ya mazoezi alimpelekea makemba, zile ndizi za kupika, na pondu, yaani kisamvu. Assumani yeye alifuata mechi za walinda lango wake wawili mashuhuri, waliosimama golini kama wageni wanaosubiri chai, kwa kuwa klabu kubwa hazishambuliwi. Klabu ya Issa ilipigwa mashuti tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, na kila shuti lililodakwa liliingia katika daftari la Clovis. Assumani aliita jambo hilo bahati. Hakuwa na neno jingine.

Hivyo ikafika Jumapili ya mwisho. Assumani alikuwa mbele ya Kyakimwa, na iliyobaki ni mechi moja tu, ya Issa. Wote wawili walikaa benchi moja. Dakika za mwisho, Assumani akiwa bado mbele kwa pointi mbili, kukawa na penalti, na penalti ikidakwa ni pointi tatu.

Hapo mtu huyu, mzazi huyu, alisimama akamfokea mpigaji: "Piga chini. Ule hajui kuanguka."

Uwanja ni mdogo. Issa aligeuka akaangalia sauti ilikotoka, kisha akarudi kwenye mstari wake. Mpira ukapigwa chini. Akaanguka nao, akaukumbatia.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Kyakimwa alifungua kitenge chake cha juu akakitandika chini, wanawake wengine wakatandika vyao, kama wanavyomfanyia mtu wa heshima, na Issa akapita juu ya vitenge hivyo. Mcheza kwao hutunzwa, na kwao Issa siku ile palikuwa kwa Mama Kyakimwa.

Vitenge vilipokwisha, alimwinamia mama yule. Kisha akamfuata Assumani, akamnyooshea mkono kwa adabu zote, kama mchezaji anavyomfariji mpinzani.

"Pole na mechi, Papa Assumani."

Hivyo ndivyo wateja walivyomwita. Issa maisha yake yote alikuwa akimwita Papa tu, bila jina. Watu waliokuwa karibu walisikia, na hakuna aliyecheka.