Lugha Isiyoulizwa Maswali

Baada ya chuo nilipanga chumba Igoma, nyuma ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Kazi yangu ya pekee ilikuwa kutunza programu ya mizani kwenye kinu cha pamba, mbele kidogo ya Usagara. Aliyeiandika, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Perl, alikuwa ameshaondoka.

Kila asubuhi nilifungua orodha ya umaarufu wa lugha za kompyuta. Perl ilikuwa inashuka, Python iko juu. Katika kundi la Perl nililojiunga kwenye simu, salamu yangu ya mwezi uliopita bado ilikuwa ujumbe wa mwisho. Wenzangu wa chuo walikuwa upande wa Python, wakiulizana na kutaniana. Nilitaka kuwa huko. Kwa hiyo meneja wa kinu aliponiuliza kama programu iandikwe upya kwa Python au ibaki, nilikuwa na jibu kabla ya kukagua chochote.

Nilianzia kwa mama wa mizani, aliyepima pamba ya wakulima.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Leo umepotea njia?”

Nikamweleza kwamba lugha ya programu yake inakufa.

“Nani kakwambia?”

“Kuna orodha. Wanahesabu watu wanaoitafuta na kuiulizia mtandaoni. Hii siku hizi haiulizwi.”

“Mimi mara ya mwisho nilikupigia simu lini?”

“Msimu wa juzi.”

“Kwa hiyo nami nimekufa? Mizani inasoma, karatasi inatoka, nikupigie nikuulize nini? Au unataka nikusalimie tu?”

Wakulima waliokuwa wakishusha magunia walicheka. Nilicheka pia, ingawa hiyo salamu ndiyo niliyoitaka.

Nilikagua programu mpaka saa tisa. Ilikuwa nzima. Hoja ya mama ilikuwa na pengo: ukimya haukusema nani angeitengeneza programu siku nikiondoka. Lakini orodha nayo ilihesabu wanaouliza, na anayeuliza mara nyingi ni mgeni au amekwama. Mimi nilikuwa nimeisoma kama hesabu ya marafiki.

Nikaandika: programu ibaki, na afundishwe mtu wa pili. Meneja alikubali la kwanza tu.

Msimu ulianza, ukaisha. Pamba yote ilipimwa. Kinu hakikunipigia hata mara moja.

Simu niliichaji kila siku.