Kampuni Haikuja Mazikoni

Niliacha shule mapema, na tangu hapo sikukaa mahali zaidi ya msimu mmoja au miwili. Matemwe nimevuna mwani, Tunguu nimechanganya saruji, na kote huko nilikuwa nafungua kila mashine iliyoharibika nione ndani mna nini. Ndivyo nilivyojifunza kutengeneza mafriji. Nilipotaka hatimaye kutulia na kufungua kibanda Fumba, niliomba mkopo benki, nikanyimwa. Ofisa alinigeuzia kompyuta: jina langu lilikuwa kwenye taarifa za mikopo kama mtu asiyelipa, kwa bili za intaneti ya nyumba moja ya Mji Mkongwe.

Nyumba niliijua. Nilipanga chumba pale kwa bibi mmoja mjane. Binti yake alikuwa Maskati, na magoti hayakumruhusu tena kushuka zile ngazi, basi intaneti niliiandikisha mimi, kwa kitambulisho changu, ili wapate kuonana kwenye simu. Nilipohama jina lilibaki langu. Kila mwezi alimtuma mwanawe wa kiume kulipa, na hakuchelewa hata mara moja.

Alipofariki nilirudi kumzika. Kabla ya kuswaliwa, mwanawe alisimama akasema anayemdai mama yake aje kwake, na anayeweza kusamehe amsamehe. Muuza samaki mmoja akajibu kwa sauti, "Mimi nnamdai, na nshamsamehe." Hapo ndipo machozi yaliponitoka.

Kampuni ya intaneti haikuja mazikoni. Nyumba ilifungwa, na mwanawe akadhani usipolipa huduma inakatika yenyewe, kama vocha ya simu inavyokwisha. Bili ziliendelea kutumwa kwenye namba yangu ya zamani, ambayo sikuwa nayo tena.

Kutoka benki nilikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya kampuni. Msichana wa kaunta alinisikiliza vizuri.

"Mbona rahisi, kaka. Andika kwamba mtumiaji alikuwa yule marehemu. Deni tunalihamishia kwake, wewe jina lako linasafishwa."

Nilitoka nje nikampigia simu yule mwanawe wa kiume.

"Andika tu," alisema. "Mama hatokwenda benki tena."

"Benki hatokwenda. Lakini huko aliko ndiko kwenye kuulizwa madeni."

Akasema, "Utakikosa kibanda, ndugu yangu."

"Nitakikosa."

Lakini sikuwahi kuiacha mashine bila kuichungulia. Nilirudi kaunta nikamuuliza yule msichana kama mitambo yao inaonyesha ile mashine ya intaneti ya pale nyumbani ilitumika lini mara ya mwisho. Alitafuta. Ilitumika mchana wa siku aliyofariki, baada ya hapo hakuna kitu. Alikufa Magharibi ya siku ile. Kwa hiyo mchana ule alizungumza na binti yake, na kilichofuata ni bili za nyumba tupu.

Msichana alikwenda kwa mkuu wake, akarudi. Bili za baada ya kifo ningeweza kuzipinga kwa jina langu mwenyewe, bila kumtaja marehemu. Ila jambo hilo lingechukua muda, na mpaka litakapoamuliwa benki ingeendelea kuniona vilevile. Zilibaki siku chache tu kati ya malipo yake ya mwisho na kifo chake.

"Hizo semeni mmemsamehe," nilimwambia.

"Nani, mimi?"

"Wewe. Sema tu."

Aliutazama mlango wa mkuu wake, akashusha sauti. "Siwezi kusamehe kisichokuwa changu, kaka. Ingekuwa changu, wallahi ningeshasema."

Nikamwamini. Nililipa zile siku, hazikufika hata bei ya kilo ya ngisi, kisha nikatia sahihi pingamizi la zile bili nyingine kwa jina langu. Nje nilipiga simu tena.

"Mama hadaiwi," nilisema.

"Alhamdulillah." Nilimsikia akivuta pumzi. "Na wewe?"

"Mimi wameniambia nisubiri."

"Basi njoo usubirie nyumbani. Chumba chako nakifungua leo. Na friji la mama halishiki baridi, usije ukasema umekosa kazi."