Markham ni Njiani

Nyaboke alikuwa mtu wa kuomba vitu vidogo, na pengine ndiyo sababu hakuwahi kuvipata. Angeomba gari jipya, mumewe angewapigia marafiki zake simu, kikao kingeitishwa na kamati ingeundwa. Yeye aliomba maua. Kila mwaka, majira ya kuchipua yakifika na miti ya cheri ya High Park, bustani kubwa ya Toronto, ikichanua, aliomba waende watatu tu, yeye, mumewe Mugambi na binti yao Kagendo, wakatembee chini ya maua yale kabla upepo haujayapukutisha. Na kila mwaka Mugambi aliitikia kwa moyo mkunjufu kabisa, kama alivyoitikia mambo yote ambayo hakuwa na nia ya kuyafanya.

Waliyaona mara moja tu, mwaka ule walipofika kutoka Meru. Wakati huo hawakumjua mtu yeyote Toronto, kwa hiyo hapakuwa na wa kuwazuia. Kagendo alikuwa bado mdogo. Maua yalimwangukia kichwani, akacheka mpaka akakaa chini, na usiku akakataa kuoshwa nywele. Kisha wakaanza kujuana na watu, na mambo ya maua yakaisha. Mwaka mmoja ikawa kamati ya harusi. Mwaka uliofuata ikawa maombi ya msiba wa marehemu ambaye hata waliomlilia walilazimika kuuliza jina lake. Mwaka mwingine wakaenda uwanja wa ndege kumpokea askofu, aliyekuja na begi moja na kukuta umati wa kumbebea.

Mwaka huu haukuwa wa kuahirisha. Kagendo alikuwa amemaliza chuo, amepata kazi Calgary, na ndege yake ilikuwa Jumapili asubuhi. Nyaboke alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na alikuwa amembembeleza mwenzake Mkongo, Épiphanie, wabadilishane zamu ili Jumamosi mchana awe huru. Jioni angeingia kazini, na asubuhi, wakati binti yake akipaa, yeye angekuwa bado anawabadilishia wazee shuka. Kwa hiyo kumuaga mtoto wake wa pekee kulikuwa mchana ule wa Jumamosi, au basi. Alimweleza Mugambi haya yote waziwazi, mara tatu, na mara ya tatu alikuwa ameizima televisheni.

"Nimesikia, Mama Kagendo," Mugambi alisema. "Sisi watatu tu."

Jumamosi jua likatoka. Halikuwa jua la kumtoa mtu jasho, lakini mtaa wao wote wa Thorncliffe Park ulishuka kutoka maghorofani, na wengine walivaa kaptura huku magoti yakiwatetemeka kwa furaha ya majira mapya. Nyaboke alijaza chai kwenye thamosi, akafunga mandazi, akakunja shuka la kukalia kwenye nyasi. Alivaa hata hereni. Wakaingia garini, Mugambi akawasha, wakafika njia panda, na badala ya kuelekea kusini akakata kaskazini.

"Baba Kagendo, High Park ni huku."

"Najua. Tunapitia kwa Kinoti dakika tano tu. Mtoto hawezi kuondoka bila kuwaaga. Na Markham si ni njiani?"

Kwa ramani yoyote iliyowahi kuchorwa na binadamu, Markham haikuwa njiani. Ni kama mtu wa Thika anayekwenda Nairobi aseme atapitia Nyeri. Nyaboke alikuwa na la kusema, tena refu, lakini Kagendo alikuwa kiti cha nyuma, na siku ya mwisho haikustahili kuanza kwa ugomvi. Akatazama dirishani.

Kinoti alitoka kijiji kimoja na Mugambi. Kwa sasa alikuwa mtu wa kompyuta katika ofisi kubwa, na alikuwa na nyumba yenye nyasi mbele na nyuma, nyumba ambayo kila mgeni lazima azungushwe aione, hata aliyezungushwa wiki iliyopita.

"Hatukai," Mugambi alisema mlangoni, huku akivua viatu.

Nyaboke alibaki na vyake miguuni, kwa kuwa mtu asiyekaa havui viatu. Abigael, mke wa Kinoti, alivitazama vile viatu kwa huzuni mpaka Nyaboke akavivua.

"Mmekuja kuchukua moto?" Abigael aliuliza. "Kaeni mnywe chai, jamani."

Chai ikaja. Baada ya chai wakazungushwa nyumba, na walipofika uani Nyaboke aliona moshi. Juu ya moto alilala mbuzi, tena aliyekwisha kugeuzwa upande wa pili. Hapo akaelewa. Hakuna anayemchoma mbuzi kwa ajili ya watu waliopita tu kusalimu. Kabla hajamgeukia mumewe, kengele ya mlango ililia na watu wa kikundi cha maombi wakaanza kuingia, huyu na sufuria ya mukimo, yule na chapati zilizofungwa kwa kitambaa, wote wakimkumbatia Kagendo na kumwambia amekuwa mkubwa, habari ambayo msichana mwenyewe alikuwa nayo.

Nyaboke alikasirika hadi masikio yakamwaka moto. Alitabasamu, akapokea sahani, akasema asante, Mungu awabariki. Hakuna mwanamke aliyelelewa Kisii anayeweza kukataa sahani mbele ya watu, na Mugambi alilijua hilo vizuri.

Walikula. Kisha Kinoti akasimama kumpa msichana mawaidha kuhusu Calgary, mji ambao hakuwahi kuukanyaga.

"Watu wa huko ni wakarimu sana," alisema. "Lakini usiwaamini."

"Okay, Uncle," Kagendo alijibu.

Yakafuata maombi. Kinoti aliiombea ndege, rubani, injini zote mbili na mwajiri. Kisha akamwombea Kagendo mume, awe mcha Mungu, na ikimpendeza Bwana awe Mmeru. Kagendo alifungua jicho moja akamtazama mama yake. Nyaboke naye alikuwa amefungua lake. Wakabana midomo wasicheke katikati ya sala, na hiyo ndiyo nafasi pekee waliyoipata ya kuwa wawili katika nyumba ile.

Watu walipoitikia amina, Mugambi hakuwepo. Nyaboke alimkuta jikoni anaosha vyombo. Huyu ni mtu ambaye nyumbani kwake sinki aliijua kwa sifa tu, na sasa alikuwa akisugua sufuria iliyokuwa safi tangu asubuhi.

"Baba Kagendo, twende. Wakati unatuishia."

"Nakuja," alisema bila kugeuka.

Nyaboke alimsogelea akaona uso wake. Ulikuwa umelowa, wala si kwa sabuni.

"Tukikaa watatu tu nitalia mbele yake," Mugambi alisema. "Hapa angalau kuna watu."

Nyaboke aliiacha hotuba aliyokuwa ameiandaa tangu njia panda. Alimhurumia, na kumhurumia kulimuudhi zaidi, maana alikuwa bado hajamaliza kukasirika.

"Na mimi je?" alimuuliza. "Mimi nilie lini?"

 Mugambi alichukua ile sufuria akaianza upya.

Wakaaga. Lakini kwa watu wale kuaga ni mwanzo tu, maana mgeni haachwi aende hivi hivi, ni lazima asindikizwe. Walisindikizwa kutoka kwenye makochi hadi mlangoni, na pale mlangoni yakazuka mazungumzo matamu ambayo mchana kutwa hayakuwa yamepatikana. Wakasindikizwa kutoka mlangoni hadi kwenye gari. Abigael akakumbuka nyama ya kufungiwa wageni, akarudi ndani. Kinoti akaegemeza kiwiko dirishani na kukumbuka habari ya shamba la Nanyuki, Mugambi akazima injini ili amsikie vizuri, kisha akashuka kabisa kuwasalimia waliokuwa wamekwisha kumuaga. Gari lilipoondoka, watu walilifuata kwa miguu hadi kona ya mtaa wakipunga mikono.

Barabara kuu ilikuwa imejaa magari ya watu waliokuwa wanarudi kutoka kuangalia maua. Watoto wao walikuwa wamelala vitini kwa uchovu wa raha. Nyaboke alitazama saa yake akavua hereni.

"Twende nyumbani," alisema. "Nikavae sare."

Wakafika Thorncliffe. Nyaboke alibadilisha nguo, akabandika kitambulisho kifuani, akaja sebuleni. Mugambi alikuwa amesimama na furushi la nyama mkononi, hajui pa kuliweka. Kagendo alikuwa ameinama mlangoni anafunga kamba za viatu.

"Na wewe unakwenda wapi? Hujafunga mizigo."

"Nakusindikiza," Kagendo alisema.

Huyu alikuwa mtoto aliyejibu kila kitu kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, hata alipoulizwa kama amekula. Nyaboke alijifanya hakusikia chochote cha ajabu, akafungua mlango.

Alidhani ataachwa kwenye lifti. Kagendo akaingia naye. Alidhani ataachwa mlangoni mwa jengo, wakavuka maegesho wote wawili. Ndipo alipoona kwamba msichana amebeba mfuko, na ndani ya mfuko kuna ile thamosi na mandazi ambayo hayakuguswa. Walikaa kwenye benchi la kituo cha basi wakanywea chai kwenye kifuniko, kwa zamu.

Basi likaja, likafungua mlango. Nyaboke akasimama.

"Mum, I'm scared," Kagendo alisema, wakati uleule wa kuondoka ambao Kinoti angekumbuka shamba lake.

Nyaboke akakaa. Basi likaondoka. Alimwambia binti yake kwamba yeye pia aliogopa mwaka ule walipofika Toronto, kwamba alilia kwenye choo cha kazini mwezi mzima, na kwamba hata leo analia, ila sasa analia hapa hapa bila kujificha. Wakalia. Kisha Kagendo akala andazi. Nyaboke akampigia Épiphanie kumwomba amshikilie zamu kidogo, yeye ambaye hajawahi kuchelewa kazini tangu aajiriwe.

"Sasa nikurudishe mpaka mlangoni," alimwambia Kagendo, "halafu wewe unilete tena huku."

Wakafanya hivyo, wakarudi kwenye benchi, na basi jingine likawapita. Simu ikalia. Ilikuwa ya Mugambi, ambaye bila shaka alikuwa dirishani juu.

"Mama Kagendo, mko wapi? Basi si limepita?"

"Tuko njiani," Nyaboke alisema, akimimina chai. "Njoo na kikombe chako. Na usimwambie mtu."